Mkataba wa Pamoja Uheshimiwe, Lakini Kwanza Usomwe

Siku ya mchezo mkubwa wa Ligi Kuu, katika mji wa Bariadi kama ilivyo Maswa, Lamadi na Mwanhuzi, wananchi hukusanyika mbele ya luninga mapema kabla ya filimbi ya kwanza. Wengine huwa majumbani kwao, na wengine hujibana katika mabanda ambayo vijana wameyapa jina la mzaha, banda umiza. Mwalimu hukaa bega kwa bega na mkulima wa pamba, na karani wa halmashauri huulizana matokeo na kondakta wa basi. Hakuna hata mmoja wao anayefikiri kwamba picha ile inayomfikia kutoka Dar es Salaam imeletwa kwanza na karatasi, kisha na mitambo. Karatasi hiyo ni mkataba wa haki za matangazo. Ikichanika, luninga itabaki ukutani lakini mpira hautaonekana.

Leo tunapenda kuzungumzia karatasi hiyo. Swali tunalouliza ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, vilabu vingi vinapouza kwa pamoja haki ya kuonyeshwa kwa michezo yao, klabu moja inaweza kusimama baadaye na kusema, "Mimi simo"? Na ikisema hivyo, sheria itailazimisha?

Maoni yetu ni kwamba mkataba wa pamoja hauna budi kuwafunga wote, wakubwa kwa wadogo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kuwafunga wote, hauna budi kusomwa na wote kabla haujatiwa saini. Anayetaka nguvu ya mkataba na huku anakwepa kuuweka mezani anajenga nyumba bila msingi, na anayekataa kufungwa na mkataba huku akipokea faida zake anakula mazao ya shamba asilolima.

Yafaa kwanza ieleweke ni kitu gani kinachouzwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye kurusha matangazo, ili mtu mwingine asiyaibe. Lakini mchezo wenyewe, yaani mbio za dakika 90 za watu 22, si kitabu wala wimbo ulio na mtunzi mmoja. Haki ya kuuonyesha huzaliwa na mambo mawili. Kwanza ni mamlaka juu ya uwanja, maana mwenye lango ndiye aamuaye nani aingie na kamera. Pili ni kanuni za chama kinachoendesha mashindano. Katiba ya FIFA inasema kwamba shirikisho hilo, mashirikisho ya mabara na vyama vya nchi ndio wenye asili wa haki zote zitokanazo na mashindano yaliyo chini yao. Klabu inapojiunga na chama na kuomba kushiriki ligi, huwa imeyakubali masharti hayo.

Msukuma yeyote aliyeshuhudia ushindani wa ngoma za Bagika na Bagalu hahitaji kufundishwa jambo hili kwa maneno mengi. Kundi moja likicheza peke yake ni mazoezi. Umati hukusanyika kwa sababu makundi ni mawili, na kila moja linataka kumvuta mtazamaji upande wake. Basi na kandanda ni hivyo hivyo. Hakuna klabu iliyopata kucheza mchezo wa ligi peke yake, na kwa hiyo hakuna klabu inayoweza kudai kwamba mchezo ni mali yake peke yake. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuuza kwa pamoja.

Hata hivyo nchi yetu imekwisha kuonja ugomvi wa jambo hili zaidi ya mara moja. Mwaka 2013 uongozi wa ligi ulifunga mkataba wa miaka 3 na kampuni ya Azam Media, ambao thamani yake ilipita shilingi bilioni 5. Klabu ya Yanga iliukataa. Ilidai kwamba haikushirikishwa ipasavyo, na kwamba kampuni iliyonunua ilikuwa na udugu na klabu ya Azam, mshindani wake katika ligi ile ile. Ililalamika pia kwamba mgawo ulio sawa kwa wote haukujali wingi wa mashabiki wake. Pamoja na ubishi huo, michezo iliendelea kuchezwa na kuonyeshwa. Ugomvi ulipoa, lakini swali la kisheria halikupewa jibu la wazi ambalo kila klabu ingeweza kuliweka katika jalada lake.

Tangu hapo fedha zimekua. Mwaka 2016 mkataba mpya wa miaka 5 ulitajwa kuwa na thamani ya shilingi bilioni 23. Mei 2021 ukatiwa saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa klabu kubwa yenye wadhamini wengi, mgawo wa fedha hizo ni nyongeza. Kwa klabu ndogo ya mkoani ndiyo nauli ya basi, ndiyo posho ya wachezaji na ndiyo chakula cha kambini. Kwa hiyo atakayevunja mkataba huo hatamdhuru mnunuzi peke yake. Atakuwa amezima jiko la jirani yake aliye mnyonge.

Mfano wa pili haukuhusu luninga bali ulihusu udhamini, lakini mzizi wake ni ule ule. Novemba 2021 kampuni ya GSM, ambayo wakati huo ilikuwa pia mdhamini wa Yanga, ilitangazwa kuwa mdhamini mwenza wa Ligi Kuu kwa miaka 2 na shilingi bilioni 2.1. Simba ilikataa kuvaa nembo yake, ikieleza kwamba haikuridhika na jinsi mkataba huo ulivyofungwa. Februari 2022 mdhamini akajitoa. Mjadala ulikuwa mkali, na wapenzi wa kila upande walikuwa na la kusema. Sisi hatutaki kufufua ubishi wa nani alikuwa na haki. Tunachosema ni kwamba fedha zilizokwisha kutangazwa mbele ya taifa zima zilipotea, na waliozikosa zaidi ni wale ambao hawakuwamo katika ugomvi.

Wa tatu ni wa karibuni zaidi. Mchezo wa watani wa jadi uliopangwa tarehe 8 Machi 2025 haukuchezwa siku hiyo. Simba ilisema haitaingia uwanjani kwa kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mchezo, Bodi ya Ligi ikauahirisha, na Yanga ikapinga uamuzi huo. Mchezo ulichezwa tarehe 25 Juni. Hapa tena tunaona kwamba mkataba wa matangazo, uwe wa mabilioni mangapi, unategemea timu mbili zifike uwanjani. Aliyenunua picha hununua ahadi ya watu wasio wake.

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 10, inataka makubaliano yafanywe kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo kisheria, kwa jambo halali, na kwa malipo au kitu kingine halali wanachobadilishana. Yakitimia hayo, kifungu cha 37 kinawataka wahusika watimize walichoahidi. Wazee wetu walilisema jambo hilo kwa maneno machache: ahadi ni deni.

Lakini yule aliyetoa ahadi ni nani? Mkataba huwafunga walioingia ndani yake. Chama au bodi inapotia saini kwa niaba ya vilabu 16, lazima iwe na mamlaka ya kufanya hivyo, na mamlaka hayo yaonekane katika katiba, katika kanuni za ligi au katika azimio la mkutano halali. Mamlaka yakiwapo, klabu haiwezi kujitetea kwamba mwenyekiti wake hakuwapo siku ya saini, kama vile mjumbe hawezi kulikataa azimio la mkutano kwa sababu tu alipiga kura ya hapana. Mamlaka yasipokuwapo, hata sherehe ya saini iliyohudhuriwa na wapiga picha 100 haiwezi kuziba pengo hilo.

Na mkataba ukivunjwa, nini hufuata? Kifungu cha 73 kinatoa fidia kwa hasara itokanayo na uvunjaji huo. Kifungu cha 74 kinahusu pale ambapo wahusika walitaja kabisa kiasi cha kulipwa. Hapo mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Maana yake ni kwamba haitoshi kuandika katika kanuni faini kubwa ya kumtisha mwanachama asitoke. Kinachopimwa ni haki, na tarakimu iliyoandikwa ni kikomo cha juu tu. Viongozi wanaopenda kutunga adhabu za kukomoana wangefaa kukisoma kifungu hicho kwa utulivu.

Ili tuone mambo haya yanavyoweza kufika mbali, hebu tutazame Marekani, ambako suala hili limepelekwa mahakamani kwa fedha nyingi. Mwalimu aliyezoea kuwapeleka wanafunzi wake UMISSETA kwa lori atashangaa, lakini huko michezo ya wanafunzi wa vyuo vikuu huuzwa kwa luninga kwa mabilioni ya dola. Vyuo hujiunga katika jumuiya za michezo, na jumuiya ndiyo huuza. Kwa miaka mingi vyuo vilihama jumuiya moja kwenda nyingine kutafuta mgawo mnono. Chuo Kikuu cha Maryland kilipotangaza mwaka 2012 kwamba kinaihama jumuiya iitwayo ACC, kilidaiwa ada ya kuondoka ya dola zaidi ya milioni 52. Waliishia kupatana mwaka 2014 kwa dola milioni 31.4.

Kwa kuona hivyo, mwaka 2013 wanachama waliobaki walitia saini hati ya kuikabidhi jumuiya haki zao za matangazo, na mwaka 2016 wakairefusha hadi mwaka 2036. Hati hiyo ilikuwa na makali kuliko faini. Chuo kingeweza kuhama na wachezaji wake na jezi zake, lakini haki ya kuonyesha michezo yake ya nyumbani ingebaki nyuma. Nani atamkaribisha mgeni ambaye mchezo wake hauwezi kuuzwa? Desemba 2023 Chuo Kikuu cha Florida State kilikwenda mahakamani kuipinga hati hiyo, na Machi 2024 Clemson nacho kikafuata. Jumuiya nayo ilifungua mashauri yake. Hakuna hukumu ya mwisho iliyotamka kama hati ile ni mlima au ni kichuguu. Machi 2025 walipatana: wanachama wakabaki, mgawo ukabadilishwa ili wanaotazamwa sana wapate zaidi, na bei ya kuondoka ikatajwa waziwazi. Ingeanza na dola milioni 165 na kushuka kila mwaka hadi dola milioni 75, na anayeilipa aondoke na haki zake.

Upande wa pili wa nchi ile, jumuiya ya Pac-12, yenye mizizi ya mwaka 1915, ilikuwa na mkataba uliokuwa unaisha mwaka 2024. Mazungumzo ya mkataba mpya yalikwama mwaka 2023, na kwa kuwa hakuna hati iliyowafunga mbele ya hapo, wanachama 10 kati ya 12 waliondoka. Vyuo viwili vidogo kifedha, Washington State na Oregon State, viliachwa kama watoto waliosahauliwa kituoni. Vililazimika kwenda mahakamani ili waliokwisha kuaga wasiendelee kuamua juu ya mali ya jumuiya, na vilishinda.

Mafunzo ya mifano hiyo miwili ni haya. Pasipo karatasi, mkubwa huondoka na mdogo hubaki na madeni. Penye karatasi ngumu isiyo na mlango, watu hawaondoki, lakini badala ya kucheza hushitakiana. Amani ilipatikana pale tu ambapo mgawo ulitazamwa upya na mlango ukawekwa pamoja na bei yake.

Msomaji asidhani kwamba kuhama ni mambo ya Marekani tu. Kwetu vilabu huhama kwa miguu na kwa majina. DTB iligeuka Singida Big Stars mwaka 2022. Kitayosce ya Kilimanjaro iligeuka Tabora United mwaka 2023. Ihefu, iliyojulikana kama timu ya Mbarali mkoani Mbeya, ilihamia Singida na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Klabu inaponunuliwa na kupewa jina jipya, nani anarithi mgawo wa matangazo? Nani analipa deni la zamani? Mashabiki wa mji ulioachwa wana sauti gani? Mambo haya yanapaswa kuandikwa kabla ya mwenye fedha kufika na kalamu yake.

Watu wa Simiyu wanaijua hadithi hii kwa jina jingine, nalo ni pamba. Mwaka 1955 wakulima wa Kanda ya Ziwa walikuwa wameunganisha vyama vyao katika Shirikisho la Victoria, wakiongozwa na Paul Bomani, kwa sababu mkulima mmoja mwenye robota zake hana nguvu mbele ya mnunuzi. Umoja ule uliwapa bei na heshima. Lakini historia ya ushirika inatukumbusha pia kwamba mwanachama asiyeonyeshwa hesabu, na anayelipwa kwa kuchelewa, huacha kuuona umoja kuwa wake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Miaka ya karibuni kilimo cha mkataba kimetufundisha upande wa pili. Mkulima hupewa mbegu na viuadudu kwa mkopo na mnunuzi mmoja, kisha msimu wa mavuno humwuzia mwingine aliyefika na fedha taslimu. Siku hiyo hujiona mjanja. Msimu unaofuata mkopo hauji, na shamba la jirani aliyekuwa mwaminifu hukosa dawa pamoja na lake. Lakini ukimwuliza mkulima yule kama aliwahi kuuona mkataba, mara nyingi atakujibu kwamba aliweka dole gumba tu. Hapo kosa lina baba wawili.

Wapo watakaosema kwamba klabu zenye mamilioni ya mashabiki haziwezi kupewa mgawo sawa na klabu ambayo uwanja wake hujaa tu zinapokuja hizo kubwa. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini dawa yake ni kanuni ya mgawo, wala si kuuvunja umoja. Uingereza, tangu Ligi Kuu yake ilipoanza mwaka 1992, fedha za luninga za ndani ya nchi ziligawanywa nusu sawa kwa sawa, robo kwa nafasi katika msimamo, na robo kwa idadi ya michezo iliyoonyeshwa. Mkubwa alipata zaidi, na mdogo hakulala njaa. Sisi si lazima tuige vipimo hivyo, ila tunaweza kuiga uwazi wake.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa TFF na Bodi ya Ligi kuyazingatia mambo manne. Kwanza, mkataba wowote wa pamoja usomwe mbele ya wanachama na upitishwe kwa azimio lililoandikwa. Siri za biashara zinaweza kulindwa, lakini masharti yanayomfunga mwanachama hayawezi kuwa siri kwake. Pili, mkataba huo uwe na nakala ya Kiswahili yenye nguvu ya kisheria. Mwaka 2021 Bunge lilikipa Kiswahili nafasi ya kuwa lugha ya sheria na mahakama, na ni aibu kwa katibu wa klabu kufungwa kwa lugha ambayo hakuielewa. Tatu, mlango wa kutokea utajwe: nani anaweza kutoka, lini, kwa taarifa ya muda gani na kwa fidia gani. Vivyo hivyo itajwe hali ya klabu inayohama mkoa au kubadili jina. Nne, mgongano wa maslahi uelezwe kabla ya saini, hasa pale ambapo mnunuzi au mdhamini ana mkono katika klabu mojawapo.

Tunaongeza kwamba vyombo vya kusuluhisha migogoro viwe hapa hapa nchini, viwe huru na visiwe vya gharama kubwa. Kanuni za kandanda zinazuia kwa ujumla kukimbilia mahakama za kawaida, na ngazi ya mwisho iko Lausanne, Uswisi. Klabu ya wilayani haina nauli ya kwenda huko. Haki isiyofikika ni sawa na maji yaliyo upande wa pili wa mto uliofurika.

Nanyi, ndugu walimu na watumishi wa umma wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, msilione jambo hili kuwa la vigogo wa Dar es Salaam. Mkoa wenu ulizaliwa mwaka 2012, na katika msimu wa 2025/26 haukuwa na klabu Ligi Kuu. Lakini siku inakuja. Nanyi mnajua vema nani huwa katibu wa klabu katika miji yetu: ni mwalimu mwenye mwandiko mzuri, au ofisa wa halmashauri anayejua kuandika muhtasari. Ndiye hujaza fomu ya kushiriki ligi usiku wa kuamkia siku ya mwisho, na ndiye hutia saini chini ya maneno "nimesoma na kukubali kanuni zote" bila kuzisoma. Saini hiyo ndiyo itakayosomwa siku ya ugomvi. Watakaoulizwa ni wachezaji ambao labda leo wako darasa la tano katika shule yake.

Basi na aanze sasa. Katiba ya klabu isomwe mkutanoni. Fomu ifunguliwe siku saba mapema. Mahali pasipoeleweka paulizwe kwa ofisa wa michezo au kwa mwanasheria wa halmashauri. Mkataba ukishasomwa na kukubaliwa, uheshimiwe hata siku utakapotuuma, maana mkataba unaoheshimiwa siku ya faida tu hauwezi kumlinda mnyonge siku ya hasara. Na hapo, timu ya Bariadi itakapoingia katika Ligi Kuu, wazee waliokaa mbele ya luninga watatazama mpira bila hofu kwamba kuna mtu mahali fulani anaichana karatasi.